Uso wa Bibi Maryam Umetoka Gazetini



Mzazi mmoja alitujia madrasa na hasira, mkononi ana picha ya bintiye wa sekondari. Mwalimu wa sanaa aliwataka wachore mwanamke wa kiroho kwa vifaa mchanganyiko, na binti akamchagua Bibi Maryam (AS). Baba alitaka tumwambie aichane tu.

Tukamwita binti atueleze kazi yake. Alianza na lubugo, kile kitambaa cha gome la mutuba, akakibandika kwenye ubao kwa gundi. Juu yake akaweka mchanga na vipande vya kitenge, kisha rangi nyepesi, tabaka juu ya tabaka, akingoja kila moja ikauke. Mwisho ukaja uso. Umeutoa wapi? Macho ni ya mcheza filamu, midomo ni ya tangazo la vipodozi, akaviunganisha kwa brashi.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye ugomvi wetu. Wasanii husema hawachori sura ya mtu, wanachora roho. Lakini roho haikuonekana na yeyote, basi mkono huchukua kilichopo karibu, na kilichopo karibu leo ni gazeti. Mtoto akishazoea picha ile, kila akisoma Surat Maryam atamwona muuza vipodozi. Huyu ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina katika Qur'an, na Allah hakutusimulia macho yake wala midomo yake. Ametusimulia uchungu wa uzazi, shina la mtende, maji chini yake, tende mbivu, na nadhiri ya kutosema na mtu siku ile.

Wapo watakaosema picha haidhuru. Bibi Umm Habiba na Bibi Umm Salama (RA), waliowahi kuhamia Uhabeshi, walimsimulia Mtume (SAW) kanisa walilolikuta huko lenye picha. Akawaeleza chanzo chake: akifa mtu mwema kati yao, hujenga mahali pa ibada juu ya kaburi lake na kuchora picha hizo ndani. Iko kwa Bukhari na Muslim. Mlango ulikuwa mapenzi kwa watu wema, si chuki.

Wenzetu Wakristo wana njia yao. Elimo Njau, Mtanzania aliyesoma sanaa hapa Makerere, alichora maisha ya Yesu kwa mandhari ya Kiafrika katika kanisa kuu la Murang'a, kazi iliyokamilika 1959. Hatuna neno naye. Binti yetu si wa njia hiyo.

Sasa tuje kwa baba, maana naye amekosea. Kwanza alisema lubugo ni kitu cha mizimu. Hapana! Ni gome la ndani la mti, linapondwa kwa nyundo za mbao. Mti unafungwa majani ya migomba na gome jipya linaota. UNESCO iliitambua kazi hiyo mwaka 2005. Mwenye kulitumia kwa mizimu ana dhambi yake, mti hauna dhambi. Pili, kuchana. Miezi mizima hakuuliza binti anachora nini, siku anauliza tayari ana mikono ya kuchana? Ibn Abbas (RA) alijiwa na mtu aliyekula kwa kuchora. Alimwonya vikali mpaka mtu akabadilika rangi, kisha akamwonyesha njia: achore miti na visivyo na roho. Bibi Aisha (RA) naye, pazia lake la picha lilipomchukiza Mtume (SAW), alilikata akalifanya mito. Kitambaa hakikutupwa.

Tunajua wanazuoni wametofautiana juu ya picha zisizo na kivuli, na Wamaliki wengi wana wepesi kuliko sisi Mashafii. Lakini uso wa kubuni wa Bibi Maryam hatuutetei.

Binti ameukwangua uso ule. Lubugo lenyewe sasa ni shina la mtende, mchanga umebaki ulipokuwa, kitenge cha buluu kimekuwa maji. Tumemwandikia mwalimu wake kumweleza kwa nini picha ya mwanamke wa kiroho haina mwanamke. Bado hajajibu, na maksi hazijatoka.