Maji ya Moto ya Olkaria: Nani Aoga, Nani Anywa?

Katika vyuo vyetu vya pwani mtoto hufundishwa mlango wa maji kabla ya kufika mlango wa sala, akahesabishwa maji saba: ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya mvua ya mawe. Sijui mwalimu wangu angeyatia fungu gani maji ya Olkaria, kusini ya Ziwa Naivasha, ambayo hupanda kwa bomba la chuma kutoka kilomita mbili, pengine tatu, chini ya ardhi, yamechanganyika na mvuke uendeshao mitambo ya umeme.

Mvuke ukishatengwa, hubaki maji ya moto yenye chumvi na silika, rangi yake buluu ya maziwa. Mwaka 2013 shirika la KenGen lilifungua hapo mabirika ya watu kuoga, mfano wa lile la Aislandi lililojitokeza mwaka 1976 kando ya kituo cha Svartsengi. Maji hupozwa kwanza, ndipo wageni wakaingia. Wengi hutoka Nairobi, wakapita mbuga ya Hell's Gate penye pundamilia na twiga. Atakaye kushuka korongoni na aangalie mbingu kwanza. Mwaka 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu saba humo.

Jina hilo la Lango la Jehanamu ni la Wazungu waliofika mwaka 1883, Gustav Fischer na Joseph Thomson, na wapo waandishi wasemao kwamba wao ndio waliopagundua mahali hapa. Sisi wa pwani tunajua vingine. Fischer alitokea Pangani, na Thomson alisafiri pamoja na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyekwisha kuizoea njia ya Umasaini. Na hao Wamasai walikuwako kabla ya misafara yote: Olkaria kwao ni udongo mwekundu wa kujipaka, na Naivasha ni neno lao la maji yachafukayo kwa mawimbi.

Nalitaja hili kwa sababu wenyeji hao wamehamishwa zaidi ya mara moja. Mkataba wa mwaka 1904 uliwatoa bondeni humo ili walowezi wapate ardhi. Mtambo wa kwanza wa mvuke, wa megawati 15, uliwashwa mwaka 1981, na mwaka 1984 Hell's Gate ikatangazwa mbuga ya taifa. Mwaka 2014 familia za Kimasai zikahamishwa tena kwa ajili ya kituo cha Olkaria IV. Baadhi yao walipeleka malalamiko Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na upatanishi ukafikia mkataba mwaka 2016.

Sasa vuka ziwa, msomaji, upande mlima wa Eburru. Huko mito ni adimu, nao wakazi huutega mvuke utokao ardhini wenyewe, wakaupoza katika mabomba, tone kwa tone, ukawa maji ya kunywa. Moto ni ule ule wa chini ya bonde. Huku mtu hulipa kiingilio ajitose ndani, kule mama hungoja ndoo ijae.

Siwalaumu waogao. Kule Kidichi, Unguja, Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu mwaka 1850, walakini ile ilikuwa mali ya bwana kwa bibi yake. Mvuke wa Olkaria ni mali ya umma, na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 imeugawa mrabaha wake: serikali kuu asilimia 75, kaunti 20, jamii ya mahali 5. Tano katika mia yasikika vizuri, hadi uulize mia ya nini. Mrabaha wenyewe, baada ya miaka kumi ya kwanza, hauzidi asilimia 5 ya thamani ya nguvu itokayo kisimani. Piga hesabu: katika kila shilingi mia, fungu la jamii haliwezi kuzidi senti 25.

Kabla ya kuchimbwa birika jingine la kuogea, wakaao kando ya mabomba wanastahili kuonyeshwa senti hizo kwa maandishi, mwaka kwa mwaka, na kuambiwa zimelipwa kwa nani.