Mkulima Aliyetangulia na Jirani Aliyekuja Nyuma

Wasomaji wetu, yako malalamiko yasikikayo kila mahali mji unapotanuka ukaingia mashamba, nayo kwa sehemu kubwa hayana haki. Mtu wa mjini atafuta kiwanja. Bei ya mjini yamshinda, basi aja upande wa mashamba, aona ardhi ni rahisi, hewa ni safi, miti ni mingi. Anunua, ajenga, ahamia. Hata mwaka haujaisha, yuko kwa mwenyekiti ashitaki: ng'ombe wa jirani walia alfajiri, samadi yanuka, nzi wamezidi, jogoo hamwachi mtu alale, vumbi la mavuno laingia dirishani. Nasi twamwuliza: ule urahisi wa kiwanja ulidhani umetoka wapi? Umetoka katika hiyo hiyo samadi. Wazee walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu amekuja ili mwenyeji ahame.

Twasema wazi: aliyetangulia mahali kwa kazi halali asifukuzwe na aliyemfuata. Na ikiwa hapana budi ahame kwa ajili ya afya ya watu wengi, basi gharama ya kuhama imwangukie yule aliyewaleta watu hao, wala si mkulima.

Huenda mtu akadhani kwamba neno hili ni dhahiri hata halihitaji kutetewa. Sivyo. Mwaka 1879 korti ya Uingereza iliamua shauri la fundi wa peremende na daktari, watu wawili waliopakana mjini London. Fundi alikuwa akitwanga vitu vyake kwa vinu vikubwa zaidi ya miaka 20, wala hapakuwa na mtu aliyelalamika. Kisha daktari akajenga chumba cha kupimia wagonjwa mwisho wa bustani yake, ukutani pa fundi, akaenda kortini kwamba kelele za vinu zamzuia kusikiliza vifua vya wagonjwa. Daktari akashinda. Fundi hakufaa kitu kusema kwamba yeye ndiye aliyekuwa pale kwanza. Hata mwaka 2014 korti kuu ya Uingereza ilikaza tena kwamba anayeufuata udhia mahali ulipo hapotezi haki ya kuushitaki.

Jambo hili latuhusu, maana sheria za Waingereza zilivuka bahari zikatufikia. Kenya huzitazama kanuni zao kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na Tanganyika kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Na tarehe zote mbili ni baada ya hukumu ile ya vinu. Basi mfugaji wa pembeni mwa mji asijione salama kwa kuwa babu yake alifuga hapo.

Sasa tuwapeleke Marekani, jimbo la Arizona, kwa kuwa huko shauri la namna hii lilifika mwisho wake, nalo lina mafunzo mengi.

Magharibi ya mji wa Phoenix, mwendo wa maili 14 au 15, palikuwa na nchi ya mashamba tangu mwaka 1911. Mwaka 1956 watu walianzisha huko mazizi ya kunenepeshea ng'ombe, na mwaka 1960 kampuni iitwayo Spur iliyanunua mazizi hayo. Mwaka 1959 tajiri wa ujenzi, Del Webb, akaanza kupanga mji wa wazee waliostaafu, akauita Sun City. Alinunua eka zipatazo 20,000 za mashamba kwa dola 750 kila eka, bei iliyo chini sana ya bei ya ardhi iliyo karibu na Phoenix. (Bei ile itazameni vema; ndiyo habari yote.) Nyumba za kwanza zilikuwa mbali na mazizi, wala harufu haikumsumbua mtu. Lakini biashara ilikwenda vizuri, nyumba zikasogea kusini mwaka hata mwaka, na mazizi nayo yakapanuka, kutoka eka 35 kufika eka 114. Hata ilipofika mwaka 1967 yalikuwamo ng'ombe kati ya 20,000 na 30,000, watoao samadi mbichi zaidi ya ratli milioni moja kila siku, na mpaka wa viwanja ulikuwa umeyafikia kwa futi 500 tu. Wanunuzi wakakataa viwanja vya upande ule. Del Webb akaenda kortini kutaka mazizi yafungwe.

Korti ya juu ya Arizona ikatoa hukumu mwaka 1972. Iliona kwamba mazizi yaliendeshwa vema na kwa usafi, kadiri mazizi yawezavyo. Walakini wazee wengi walikuwa wakiishi pale kwa taabu, na wao hawakuwa na kosa. Kwa hiyo Spur iliamriwa kuondoka, lakini gharama ya kuondoka na kufunga kazi ikawekwa juu ya Del Webb, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaleta watu kwenye udhia, na madhara yatakayompata mfugaji aliweza kuyaona tangu mbele. Twaona ni hukumu ya haki. Haikuwaacha wazee katika uvundo, wala haikumruhusu tajiri kununua kwa bei ya shamba, kuuza kwa bei ya mji, na kumwachia mfugaji hasara.

Baada ya hayo majimbo ya Marekani yalianza kutunga sheria za kumlinda mkulima na mashitaka ya majirani, na leo majimbo yote 50 yanazo. Wazo lao la kwanza lilikuwa jema: shamba lililokuwapo lisigeuzwe kuwa udhia kwa sababu tu nyumba zimelifuata. Kama zingekomea hapo, tusingekuwa na neno.

Lakini ngao ya mkulima ni kitu kinachotamaniwa hata na wasio wakulima wadogo. Tazameni Carolina ya Kaskazini. Sheria yake ilitungwa mwaka 1979. Baadaye ufugaji wa nguruwe wa namna mpya ukaenea upande wa mashariki wa jimbo: nguruwe maelfu katika banda moja, kinyesi chao chakusanywa katika mabwawa ya wazi, kisha chanyunyizwa hewani juu ya mashamba. Majirani wao, wengi wao watu weusi, hawakuwa wageni kutoka mjini. Wengi walikuwa katika ardhi ya wazazi wao, na nguruwe ndio waliowakuta. Mwaka 2018 majirani kumi walishinda shauri juu ya kampuni ndogo ya Smithfield, shirika kubwa la nguruwe lililonunuliwa na Wachina mwaka 2013. Raia waliokaa kuamua waliwapa zaidi ya dola milioni 50, na sheria ya jimbo ya kuweka mpaka wa adhabu ikazipunguza zikawa dola milioni tatu na robo. Mwaka huo huo baraza la jimbo likapitisha sheria mpya, hata juu ya kukataa kwake gavana: jirani asishitaki ila akiwa karibu nusu maili, na ndani ya mwaka mmoja tangu kazi kuanzishwa au kugeuzwa kabisa. Na hayo yote yalifanywa kwa jina la mkulima! Mwaka 2020 korti ya rufani ilithibitisha kwamba kampuni ina hatia, ndipo ikapatana na majirani.

Sisi tulio upande wa wakulima yatupasa kulikataa jambo hili kwa nguvu zaidi kuliko wengine. Kama haki ni ya aliyetangulia, basi katika Carolina aliyetangulia ni mwenye nyumba. Mtu hawezi kuishika kanuni ile inapomfaa na kuitupa inapomzuia. Nao wale wasemao kwamba kila kitu chenye mifugo ni shamba, na kila shamba lisiguswe, wanamharibia jina yule mwenye ng'ombe wawili na kuku kumi, ambaye hatimaye watu watamchukia pamoja na matajiri.

Wafaransa, kwa maoni yetu, wamelitengeneza jambo hili vizuri kuliko wote. Huko kisiwani Oléron jogoo aitwaye Maurice alishitakiwa na watu wenye nyumba ya kupumzikia wakati wa likizo. Mwezi wa Septemba 2019 korti ya Rochefort ikamwachia awike, na walioshitaki wakatozwa euro 1,000. Wengi walicheka, lakini wabunge hawakucheka tu. Sheria ya Januari 2021 ilihesabu sauti na harufu za mashambani kuwa sehemu ya urithi wa nchi, na sheria ya Aprili 2024 ikasema kwamba kazi iliyokuwapo kabla ya jirani kufika haitamtia mwenyewe hatiani, almuradi yafuata sheria, na yaendelea kwa hali ile ile, au kwa hali mpya isiyozidisha udhia. Hayo maneno ya mwisho ndiyo ufunguo. Mwenye ng'ombe watano alindwe kwa ng'ombe watano; akitaka kuweka mia tano, na awaulize kwanza majirani waliomzunguka.

Watu wataleta neno la afya. Twalipokea. Samadi itiririkayo kisimani si harufu, ni sumu, na dawa ya kunyunyizia mimea ikipeperushwa na upepo hata jikoni kwa mtu si desturi ya shamba. Wala hatumtetei mfugaji mvivu asiyesafisha zizi lake kwa juma zima.

Walakini kwetu hatuhitaji kungoja bunge. Kiambu mashamba ya kahawa yamekwisha kugeuka nyumba, na vijiji vingi vya pembeni mwa miji yetu vyaelekea huko. Katika Tanzania sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, na sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2007 yaruhusu kijiji kufanya mpango wake, upitishwe na mkutano mkuu. Na ufanyike sasa, kabla mji haujafika. Ramani ionyeshe maboma yalipo, njia ya mifugo na mashamba yanayotiwa samadi. Na kila anayenunua kiwanja aonyeshwe ramani hiyo mbele ya mashahidi kabla hajatoa fedha, atie sahihi kwamba ameiona. Na muuzaji amletaye mnunuzi saa sita mchana, wakati ng'ombe wako malishoni, ili asijue kwamba zizi liko nyuma ya ua, huyo ndiye wa kushitakiwa na mgeni, wala si mwenye ng'ombe.