Ngoma ya Waskoti Machoni pa Mtu wa Mutuka

Mtu wa Mutuka akikiri kwamba ngoma za mashambani za Uskoti zamfurahisha, na kwamba mashairi ya Robert Burns na hikaya za farasi wa majini achukuaye watoto ziwani humkeshesha, aghalabu huulizwa kama amekinai vya kwao. (Sisi tulio jirani na Ziwa Babati, lenye viboko wa kweli, twamsikiliza farasi huyo bila hofu kubwa.) Swali hilo halina insafu, kwani enzi za ngoma ya beni Mombasa iligawanyika baina ya makundi ya Kingi na Sikochi, hao wa pili wakajipamba kwa mavazi ya askari wa Kiskoti, wakashindana na wenzao kwa gwaride na karamu, wala hapana aliyewadhania kuwa wameuacha Uswahili.

Ladha ya ngoma hizo imo katika mpango wake. Wanaume hujipanga safu moja na wanawake safu ya pili, nyuso zikielekeana, mara nyingi jozi nne. Jozi ya kwanza hucheza ikishuka kidogo kidogo hata ifike mwisho wa safu, na ya pili hupanda kushika mahali pake, mpaka kila mmoja, awe fundi au mwanagenzi, apate zamu ya kuongoza. Watazamaji hawahitajiwi. Na ngoma hizo zilipokuwa zikififia, Jean Milligan na Ysobel Stewart walianzisha chama huko Glasgow mwaka 1923, wakakusanya hatua zake, wakazichapa vitabuni na kuwafunza walimu, ndipo zikaenea hata nje ya Uskoti.

Burns mwenyewe, mkulima aliyezaliwa tarehe 25 Januari 1759 na kufariki mwaka 1796, aliitumia miaka yake ya mwisho kukusanya na kutengeneza nyimbo za wanavijiji, akakataa kulipwa kwa kazi hiyo ijapokuwa alikuwa na dhiki. Baada yake Walter Scott alichapa nyimbo za mpakani mwaka 1802. Na James Hogg, mchungaji aliyekuwa mwandishi, alisimulia jinsi mamaye, Margaret Laidlaw, alivyomkabili bwana yule mkubwa na kumlaumu kwamba nyimbo zilitungwa ziimbwe, si zisomwe, na kwamba kuzichapa kumeziharibu. Nampa haki mama yule kuliko Scott, ingawa pasipo Scott tusingekuwa na habari zake.

Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambako Julius Nyerere alikuwa akisoma wakati huo, kilianzisha idara ya kunasa nyimbo na ngano za Waskoti. Desemba 1962, akihutubia kama Rais, Mwalimu alisikitika kwamba waliosoma walijua rumba na chachacha wasijue gombesugu wala lelemama, akaunda wizara ya utamaduni. Nia ilikuwa njema. Lakini tangu hapo ngoma nyingi zimekuwa za kupokelea wageni: wachezaji juani, mheshimiwa kivulini, na kipaza sauti kikiwahimiza wafupishe.

Slufay ya Wairaqw, dua ya kishairi ambayo mzee huinena na hadhira ikamwitikia kila kituo, haikubali mpango huo, kwa kuwa asiyeitika ameipunguza, na anayeandika maneno ya mzee peke yake ameandika nusu yake. Sauti za Kigorowa, lugha ya huku kwetu, nazo zimekwisha kunaswa na wataalamu na kuwekwa katika hazina ya lugha zilizo hatarini kutoweka huko Ulaya, jambo la kushukuriwa; ila mtoto wa shule wa hapa atazifikiaje? Ningependa nakala ziletwe Babati, na jioni moja katika kila muhula wanafunzi wakae na wazee waitikie, wakosee, wacheke, warudie, pasipo jukwaa wala mgeni rasmi wa kungojewa.