Ogopeni tapeti iliyonyamaza

Na Shomari Mwinyimvua

Mwenye mashine ya kukatia nyasi akisikia injini inagonga tak-tak-tak huko juu kwenye hedi, ombi lake kwa fundi huwa moja: ondoa hiyo kelele. Fundi naye anajua anayelipa ni mwenye mashine, injini haina mfuko. Hufungua kifuniko cha vali, hukaza nati ya roka mpaka mlio ukome, hurudisha kifuniko na kupokea chake. Kila mmoja anaondoka ameridhika. Mimi nasema kazi ya namna hiyo ni hasara iliyoahirishwa, na kwamba fundi anayegusa nati ya tapeti bila fila geji ya kupimia mkononi hastahili malipo, hata kama injini imetulia kama imetoka dukani leo.

Msomaji wa Kurui, wilayani Kisarawe, anaweza kuuliza bustani za kukatwa kwa mashine ziko wapi. Huko nyasi zinazosumbua ni za chini ya mikorosho, na wengi wanazimaliza kwa jembe na fyekeo. Mashine ya shambani ni ile ya kuning'iniza begani, na nyingi za aina hiyo ni za mipigo miwili: petroli inachanganywa na oili, ndani hakuna vali za kupigwa na roka wala tapeti. Ndivyo yalivyo pia mabomba mengi ya injini ya kupulizia salfa. Fundi akikwambia mashine kama hiyo "inalia tapeti", ichukue umpelekee mwingine. Lakini ile ya magurudumu, inayosukumwa kwenye viwanja vya taasisi kuanzia Kisarawe mjini hadi Kibaha, kwa kawaida injini yake ni ya mipigo minne, ndugu wa zile zinazoendesha pampu za maji na jenereta za dukani. Kwa hiyo hata asiyewahi kusukuma mashine ya nyasi, jambo hili linamhusu.

Ugomvi wote uko kwenye nafasi ndogo kati ya roka na ncha ya vali. Kwa Honda GX160, injini inayoigwa kuliko pengine nyingine yoyote ya ukubwa wake, kipimo kilichotumika miaka mingi ni milimita 0.15 kwa vali ya kuingiza na 0.20 kwa vali ya eksozi, injini ikiwa baridi kabisa. Nafasi hiyo imewekwa kwa makusudi, kwa sababu chuma kikipata joto hurefuka na lazima kipate pa kurefukia. Ikizidi, roka inaipiga vali badala ya kuisukuma, na huo ndio mlio. Vali inachelewa kufunguka, nguvu inapungua kidogo, ncha zinalika polepole. Si jambo zuri, ila linajitangaza lenyewe na linakupa muda. Nafasi ikiisha, hakuna mlio wowote, na hapo ndipo hatari ilipo. Vali ya eksozi hutoa sehemu kubwa ya joto lake kupitia siti inayoikalia. Isipokaa sawasawa kwa kukosa nafasi, joto halina pa kwenda, gesi ya moto inapenya pembeni, na ukingo wa vali unaungua. Mashine inakuwa ngumu kuwaka ikishapata moto, inakosa nguvu kwenye nyasi nene, na mwisho hedi inashushwa. Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawawaambii wateja: siti ikilika, vali inazama na nafasi inapungua yenyewe bila mtu kushika spana. Injini iliyozoea kulia kidogo, halafu ikanyamaza bila kuguswa na mtu, ikaguliwe mapema kuliko ile inayolia.

Wapo watakaosema fundi mzoefu ana masikio, na vyuma vya kupimia ni vya wanafunzi wa VETA. Sikio lina kazi yake, tena kubwa, kwenye kuutambua mlio. Kamshafti huzunguka mara moja krenki ikizunguka mara mbili, kwa hiyo injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila vali inafunguliwa mara 1,500 tu. Mlio wa tapeti ni mwepesi, uko juu, na mwendo wake ni nusu ya mwendo wa injini. Ukisikia mlio mzito wa kugonga unaotoka chini, unaokwenda sawa na krenki na kuzidi unapoikamia injini, huo huenda ni wa konrodi, na mashine izimwe papo hapo. Kabla ya kuilaumu konrodi, geuza macho upande wa kisu: kwenye mashine ambayo kisu kimefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya injini, boliti ikilegea kinagonga kiasi cha kumdanganya hata fundi mkongwe. Chomoa waya wa plagi kwanza, kisha ndipo ushike kisu. Haya yote sikio na jicho vinayaweza. Lakini hakuna sikio linaloweza kutofautisha nafasi ya milimita 0.10 na kutokuwepo kwa nafasi kabisa, kwa kuwa zote mbili zinasikika kama ukimya.

Pingamizi la pili ni la oili nzito. Wapo wanaomwaga oili ya gari ya namba kubwa, mlio ukapungua, wakasema dawa imepatikana. Hapa nakubaliana nao nusu: oili ni kitu cha kwanza kutazamwa, kabla ya kufungua chochote. Nyingi ya injini hizi hazina pampu ya oili. Oili hurushwa tu na kijiko au gurudumu lenye mapanga, na tangi zima la GX160 linachukua kama lita 0.6. Ikipungua kidogo, au mashine ikifanya kazi imelala kwenye mteremko, juu kunakauka. Zipo pia injini kubwa za mashine za nyasi za kupanda na kuendesha, kama baadhi ya Kohler Command, ambazo tapeti zake hujazwa oili na kujirekebisha zenyewe; hizo zikilia, oili kidogo au chafu ndiyo mshtakiwa wa kwanza, na hazikazwi nati. Lakini kwa tapeti za kawaida, oili nzito inafunika mlio tu. Nafasi inabaki ileile.

La tatu ni muda na pesa. Fila geji ni vipande vya chuma vyembamba vinavyouzwa kwenye maduka ya spea za pikipiki, na fundi wa bodaboda anavihitaji kila siku. Kupima kwenyewe ni kazi fupi: injini ipoe, pistoni ipandishwe kileleni kwenye mpigo wa kubana, vali zote zikiwa zimefungwa, kipande kipite kwa kukwaruza kidogo. Injini nyingi za Briggs & Stratton zina kijino kwenye kamshafti kinachoinua vali kidogo ili kamba ivutike kwa urahisi, hivyo pistoni husogezwa kama robo inchi kupita kilele kabla ya kupima; asiyejua hili atapata jibu la uongo. Zile za zamani ambazo vali zake ziko ubavuni hazina hata nati ya kurekebisha: hutolewa vali na kusagwa ncha yake, na anayesema ameikazia tapeti amekudanganya mchana kweupe. Na asemaye bora kununua injini nyingine ya bei rahisi, ajue nayo itakuja na vali na itadai kipimo.

Kwa hiyo, mwenye mashine, ukiipeleka kwa fundi usimwombe ukimya. Mwulize nafasi ya vali ilikuwa ngapi alipofungua na ngapi alipofunga, na namba hizo ziandikwe kwenye risiti. Kama hana namba, usimlipe.