Mambo ya Zizini: Kupe wa Nyati

Wengine wenu wa Sangabuye na Kayenze mwatuuliza: ndama aliyenunuliwa mnadani akiwa mzima, mbona amekufa kabla ya mwezi kwisha, na ng'ombe wa zamani zizini hawana neno? Sisi nasi tulimzika ndama wa namna hiyo, tukamshuku jirani yetu kuwa ana kijicho. Twaona haya kulisema. Mwuaji alikuwa sikioni mwa ndama.

Ni kupe wa rangi ya kahawia, apendaye masikio. Tangu kale mwenyeji wake ni nyati, ambaye hubeba damuni vijidudu vya ndigana kali wala haugui. Ng'ombe akivipata huweza kufa, hasa akiwa mgeni. Wako wamlaumuo nyati, nasi twaona si haki: alikuwapo Serengeti kabla ya ng'ombe. Tena hapa Ilemela hatuishi na nyati, na ugonjwa upo, maana ng'ombe aliyepona huweza kubaki na vijidudu, na kupe huvichukua kwake.

Kupe huyu hunyonya mara tatu maishani. Angali mdogo, mwenye miguu sita, hunyonya, huanguka, hujivua ngozi, akawa na miguu minane. Hupanda mnyama wa pili, huanguka tena. Akiisha kuwa mkubwa humpanda wa tatu. Alichokipokea kwa mmoja hukitua kwa yule afuataye. Jike akishiba hudondoka, hutaga mayai maelfu, akafa. Lakini mayai hayarithi ugonjwa. Katikati ya safari hizo kupe hungoja ncha za majani miezi mingi, wala hana haraka.

Hata wataalamu walipotea. Robert Koch aliviona vijidudu hivi Dar es Salaam miaka ya 1897 na 1898, akavidhania vya homa nyingine. Mwaka 1904, huko Afrika Kusini, Charles Lounsbury alionyesha kwamba mchukuzi ni kupe wa kahawia.

Sasa sikieni lililo kubwa. Kupe ashikapo leo, vijidudu vilivyo katika mate yake kwa kawaida havijakomaa. Hukomaa anaponyonya, siku ya tatu au ya nne. Basi aliyeng'olewa jioni ile ile mara nyingi hajaleta msiba. Mkiona mitoki imevimba chini ya sikio, na mwili una moto, mwiteni bwana mifugo siku hiyo hiyo. Akianza kuhema na kutoa povu puani, dawa imechelewa. Chanjo nayo iko: ndama hupewa vijidudu hai pamoja na dawa ya kuvizuia. Mbegu zake ni tatu, na mojawapo yaitwa Serengeti.

Kwetu kutazama masikio ni kazi ya mtoto mdogo, kabla jua halijatua, na kopo lake la mafuta ya taa mkononi. Jirani yule tulimwendea kumwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akatuonyesha nyuma ya boma lake shimo alilomzika ndama wake mwenyewe, juma lile lile.