Goma: Kazi ya bustani yaanzia nyumbani, lakini mteja yuko wapi?

Mjini Goma, kijana anayetaka kuanza kazi ya kukata nyasi na kutengeneza bustani za watu hahitaji ofisi wala butike. Panga, jembe, mkasi wa kukatia ua na kona moja ya parseli ya kukuzia miche vinatosha. Ndiyo sababu kazi hii iliwavuta vijana wasio na mtaji. Lakini tangu mwisho wa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, swali si vifaa tena. Swali ni nani atalipa.

Kwa miaka mingi, mteja mzuri alikuwa kwenye nyumba za kando ya ziwa, Himbi na kwingineko, zilizopangwa na mashirika ya misaada. Shirika lililipa kwa mwezi, tena kwa dola. Vita na kusimamishwa kwa misaada ya Marekani, vyote katika Januari ileile, vilipunguza nyumba hizo. Nyingine zilibaki na sentineli peke yake. Na sentineli, kila mkaaji wa Goma anajua, akipewa panga atakata nyasi mwenyewe bila kuongezewa mshahara. Benki nazo zilifunga, pesa za mkononi zikawa adimu, na anayelipwa kwa simu akapoteza sehemu ya jasho lake siku ya kuzitoa.

Lakini kuna jambo ambalo lilikuwako hata kabla ya vita, na ndilo linaloangusha wanaoanza: jiwe. Goma imejengwa juu ya lava ya Nyiragongo. Ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, ile ya Mei 2021 ikasimama pembeni, upande wa Buhene. Nyasi haishiki juu ya jiwe tupu. Udongo unaletwa na lori kutoka nje, unamwagwa barabarani, kisha unaingizwa ndani kwa chukudu au mgongoni.

Hesabu yake haihitaji shule kubwa. Uwanja wa mita 10 kwa 10, ukiwekwa udongo wa sentimita 15, unakula mita 15 za ujazo. Lori moja ndogo haimalizi kazi. Kumwagilia uwanja huo litri 5 kwa kila mita ya mraba ni litri 500, yaani bidoni 25 za litri 20, kwa mara moja tu. Katika mji ambamo familia nyingi hununua maji kwa bidoni, atakayekubali kupanda nyasi mwezi wa saba kwa bei moja ya jumla, udongo na maji ndani yake, amekwisha kula hasara kabla ya kuanza. Afadhali mwenye nyumba anunue udongo na maji mwenyewe, fundi alipwe mikono yake, na kazi ingoje mvua ya Septemba.

Jiwe lenyewe linaweza kuwa mali. Njia na kuta ndogo za lava, maua yakipandwa kwenye mifuko ya udongo katikati yake, hudai maji machache kuliko uwanja mzima wa nyasi. Hoteli na shule zinaweza kuvutiwa na bustani ya namna hiyo. Na familia ambayo haina pesa ya mapambo itasikiliza zaidi mtu anayeleta mche wa avoka, au lengalenga ndani ya magunia, ambayo huanza kukatwa baada ya wiki tatu au nne hivi.

Yabaki makaratasi. Anayefanyia kazi mtaani kwa jirani haulizwi kitu. Hoteli, shule au shirika lililobaki laweza kudai fakture yenye kashe, na kashe yadai kuandikishwa. Utawala ulioko Goma unakusanya kodi zake, wakati Kinshasa haiutambui. Kijana mwenye panga na miche yake lazima achague leo alipe wapi, bila kujua karatasi hiyo kesho itakubaliwa na nani.