Kumtania rais wa jirani ni rahisi

Leo naweka kando habari za programu na hifadhidata nizungumzie jambo tunalolifanya sote rais mpya anapochaguliwa: kumtania. Kumbandika jina, kumtungia wimbo, kumchapisha kwenye leso, kumchora, kumsambaza kwa simu. Wengi huona huu ni upuuzi wa kupitisha wakati. Mimi naona ni kipimo kizuri cha uhuru wetu, ila tunakisoma vibaya. Tunahesabu kelele tu. Tungepaswa kuuliza swali moja: huyu anayetaniwa, je, ana mkono wa kumfikia anayemtania?

Nianze na Obama, maana sidhani kuna rais mwingine aliyewahi kuchangamkiwa hivyo Kenya, kuanzia Kogelo hadi huku kwetu Lugulu.

Obama alishinda tarehe 4 Novemba 2008. Kwa saa zetu matokeo yalitangazwa asubuhi ya tarehe 5, yapata saa moja, watu wakielekea shambani na watoto shuleni. Rais Kibaki akatangaza Alhamisi ya tarehe 6 kuwa sikukuu ya taifa. Hebu fikiria: Wakenya tulipumzika kwa ajili ya ushindi wa rais wa nchi nyingine, ilhali Wamarekani wenyewe walikwenda kazini!

Na shamrashamra zilikuwa zimeanza kitambo. Mwaka 2004 kampuni ya East African Breweries ilianzisha bia ya Senator, ya bei nafuu, ili kuwavuta wanywaji wa chang'aa. Mwaka huohuo Obama akachaguliwa seneta. Wanywaji hawakuhitaji kamati: bia ikaitwa Obama. Nairobi kukawa na mchezo wa kuigiza wa nyimbo juu ya maisha yake. Leso ikatoka ikiwa na sura yake na maneno "Hongera Barack Obama". Watoto wachanga wakapewa jina lake. Na kule Kogelo, Siaya, nyaya za umeme zikafika nyumbani kwa Mama Sarah siku chache baada ya ushindi. (Hapo ndipo tuliposhuhudia jinsi serikali inavyoweza kufanya kazi haraka ikitaka.)

Lakini kichekesho kilichovuma kuliko vyote kilisema hivi: Marekani itampata rais Mjaluo kabla ya Kenya.

Kisome tena polepole. Hakizungumzii Marekani hata kidogo. Miezi kumi tu kabla ya hapo tulikuwa tumetoka kwenye uchaguzi wa Desemba 2007, Kibaki dhidi ya Raila, na machafuko ambayo Tume ya Waki ilihesabu ndani yake watu 1,133 waliouawa. Uwanja wa maonyesho wa Kitale ulijaa mahema ya wakimbizi wa ndani. Baada ya hayo, nani angesimama sokoni katikati ya watu wa makabila yote aseme wazi kwamba kura ya kabila fulani haihesabiwi? Watu walinyamaza. Ila kupitia kwa Obama iliwezekana kusema, na wote wakacheka, hata waliopigia kura upande ule mwingine. Vivyo hivyo John McCain alipokubali kushindwa usiku uleule, sifa tulizommiminia McCain zilikuwa masuto kwa viongozi wetu. Tulimtumia mgeni kusema na wenyeji.

Na mgeni huyo hakuwa na mkono wa kutufikia. Hiyo ndiyo sababu tulikuwa huru hivyo.

Hapa niingize kidogo mambo ya kiufundi. Mwaka 2008 laini ya simu Kenya iliuzwa kama njugu. Ulilipa, ukapewa, ukaenda zako. Usajili wa laini ulianza Juni 2010. Kwa hiyo kile kichekesho cha Mjaluo kilipokuwa kikiruka kutoka simu hadi simu kwa ujumbe mfupi, kampuni ya simu iliona namba tu. Namba nyingi hazikuwa na jina nyuma yake. Hakukuwa na akaunti, picha ya mwenyewe, wala orodha ya marafiki. Utani haukuwa na mwenyewe, kama methali.

Sasa ruka hadi 2015. John Magufuli alishinda uchaguzi wa Oktoba 25 Tanzania na kuapishwa Novemba 5. Ndani ya wiki chache alikuwa amezuia safari za ng'ambo za maafisa, amekwenda Muhimbili bila kupiga hodi, na amefuta sherehe za Uhuru za Desemba 9 ili siku hiyo wananchi wafanye usafi. Mtandao wa Twitter ukalipuka kwa hashitegi ya #WhatWouldMagufuliDo, yaani, Magufuli angefanya nini? Mtu anaweka picha ya kitu alichokiunga mwenyewe kwa vipande ili asinunue kipya, na kusema alijiuliza kwanza Magufuli angefanyaje. Wakenya tuliivamia kwa shangwe. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa Obama tena! Kila aliyeandika kwamba Magufuli kafuta karamu alikuwa akimwambia Uhuru Kenyatta na mawaziri wake jambo, bila kuwataja.

Lakini Mtanzania aliyecheka nasi alikuwa na hali nyingine. Yeye alikuwa akimtania rais wake mwenyewe, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ilikuwa imeanza kutumika Septemba 1, 2015, kabla hata ya kura kupigwa. Juni 2016 mahakama ya Arusha ilimtia mtu mmoja hatiani kwa kumtukana rais kwenye Facebook: faini ya shilingi milioni 7 au miaka mitatu gerezani. Desemba mwaka huohuo Maxence Melo wa JamiiForums akakamatwa. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka hata mwanablogu alipe zaidi ya shilingi milioni 2 ili apate leseni, na Juni JamiiForums ikajifunga kwa muda. Sisi Wakenya tulikuwa tumeshafunga simu zetu na kuhamia kicheko kingine. Nyani haoni kundule.

Zamu yetu ikafika. Agosti 15, 2022 William Ruto alitangazwa mshindi. Wilibaro ya chama chake ilikuwa mzaha na ahadi kwa pamoja. Kila mtu akawa hasla: mama mboga, mwendesha bodaboda, hadi mbunge mwenye magari matano. Sisi watu wa tarakilishi tulikuwa na raha yetu ya ziada, maana IEBC iliweka fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake, na kila mwenye ujuzi kidogo wa kuandika programu alijaribu kujumlisha. Utani wa wiki zile ulikuwa mtamu na haukumuumiza mtu.

Kisha kodi zikapanda mwaka 2023, na hasla mkuu akawa Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia. Nakiri jina hilo rais alilichukulia kwa ucheshi mwanzoni, hata akalitania mwenyewe hadharani. Lakini Juni 2024 vijana walifika mpaka ndani ya Bunge, na baada ya hapo ucheshi ukapungua. Desemba 2024 vijana kadhaa walitoweka, miongoni mwao mchoraji Kibet Bull, aliyejulikana kwa vivuli vyeusi vya kumkejeli rais. Polisi walikana kuhusika. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema imerekodi visa 82 vya utekaji tangu Juni mwaka huo. Rais akasema utekaji utakomeshwa, na Januari 2025 Kibet na wenzake kadhaa wakarudi makwao. Nauliza tu: mchoro wa kivuli unamhitaji nani amteke mchoraji?

Na Tanzania safari ile ikafika mwisho wake. Siku ya uchaguzi wenyewe, Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa, na ilichukua siku kadhaa kurudi. Mtandao wa X ulikuwa umefungwa tangu Mei, na leseni ya JamiiForums ilikuwa imesimamishwa Septemba. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98 ya kura huku simu za raia wake zikiwa kimya. Hapakuwa na hashitegi. Miaka kumi, kutoka kicheko cha 2015 hadi ukimya ule.

Najua mtakalosema. Utani huzaa matusi, matusi huzaa chuki, na sisi watu wa Bungoma na Trans Nzoia tunajua chuki ikifika mashambani hufanya nini. Ni kweli. Laini zilezile zisizo na majina zilizobeba kichekesho cha Obama ndizo zilizobeba ujumbe wa kuchochea watu Januari 2008. Lakini angalia jinsi lilivyoshughulikiwa wakati huo. David Kobia alifunga jukwaa lake la Mashada lilipojaa matusi ya kikabila, akafungua ukurasa wa watu kujitangaza kuwa hawana kabila. Yeye na wanablogu wenzake wakajenga Ushahidi ili wananchi waripoti machafuko kwa simu. Mkuu wa Safaricom wa wakati huo, Michael Joseph, aliishawishi serikali isizime ujumbe mfupi, na njia ileile ikatumika kueneza wito wa amani. Hakuna aliyehitaji kuteka mtu.

Tena tofauti si ngumu kuiona. Uchochezi humlenga jirani yako, asiye na askari wala ukuta. Utani wa rais humlenga mtu anayelindwa kuliko wote nchini. Sheria inayochanganya hao wawili haimlindi jirani.

Kwa hiyo nina maombi mawili, moja kwa wanaprogramu wenzangu na moja kwa kila mtu.

Wanaprogramu: usikusanye usichokihitaji. Kama programu yako ni ya kutengeneza stika au katuni, unataka namba ya simu ya mtumiaji ya nini? Picha iliyopigwa na simu huweza kubeba ndani yake saa, aina ya simu, hata mahali ilipopigwa. Zifute taarifa hizo kabla ya kuihifadhi. Kumbuka kwamba hata ujumbe uliofungwa kwa usimbaji, kama wa WhatsApp, unasomeka na yeyote anayeishika simu ya mmojawapo wa wanakikundi. Data ambayo hukuikusanya hakuna askari atakayekuja kuidai.

Sisi wengine: tuhifadhi vichekesho hivi, pamoja na tarehe, mbali na kurasa zinazoweza kuzimwa kwa amri ya siku moja. Aliyeanza kuwa hasla akaishia Zakayo ametuachia kumbukumbu ya utawala wake ambayo hotuba hazitatupa.

Na rais mpya mwingine akichaguliwa ng'ambo, tucheke, mimi pia nitacheka. Ila wiki ileile jaribu kichekesho hichohicho ukiweka jina la rais wako. Ukijikuta umekifuta kabla ya kukituma, umeshapata jibu lako.

Wewe waonaje? Karibu tubishane.